Lesotho: ufalme wa milimani unaoinywesha Johannesburg

Lesotho ni miongoni mwa nchi tatu tu duniani zilizozungukwa pande zote na nchi moja. Nyingine mbili, San Marino na Vatican, zimo ndani ya Italia. Lesotho imo ndani ya Afrika Kusini, na hakuna njia ya ardhini ya kuingia wala kutoka isiyopita katika nchi hiyo.

Mji wake mkuu, Maseru, uko umbali wa kilomita 400 hivi kusini mwa Johannesburg. Kwa zaidi ya karne moja, vijana wa Lesotho wamekuwa wakisafiri kuelekea kaskazini kuchimba dhahabu iliyoujenga mji huo. Tangu mwaka 1998, maji ya milima ya Lesotho nayo yamekuwa yakifuata njia hiyo hiyo.

Mwafrika Mashariki anayeishi Yeoville au Mayfair, mjini Johannesburg, akifungua bomba, sehemu ya maji anayoyakinga imetoka katika milima hiyo. Hata hivyo, kuna vijiji vya Lesotho vilivyo juu ya mabwawa yenyewe ambavyo wanawake wake bado huteka maji kwenye chemchemi kwa ndoo.

Ufalme huu umeipa Johannesburg watu na maji. Swali ambalo Wasotho wenyewe wamekuwa wakiuliza kwa miaka mingi ni kile wanachokipata nao.

Nchi isiyokuwa na bonde la chini

Eneo la Lesotho ni kilomita za mraba 30,355, yaani ni kubwa kidogo kuliko Rwanda au Burundi. Lakini wakati Rwanda ina zaidi ya watu milioni 13, Lesotho ina wakazi wanaozidi milioni mbili kidogo tu.

Sababu kubwa ni milima. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hata mahali palipo chini kabisa, ambapo mto Makhaleng unakutana na mto Senqu, pako mita 1,400 juu ya usawa huo.

Kilele kirefu zaidi, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482. Ukitoka hapo kuelekea kaskazini, hutakuta mlima mrefu kuliko huo mpaka ufike Mlima Meru na Kilimanjaro, nchini Tanzania.

Mvua nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi kali, na theluji hufunga njia za milimani kiasi cha kuvitenga baadhi ya vijiji kwa siku kadhaa.

Mto mkubwa ni Senqu, ambao ukivuka mpaka huitwa Orange na humwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Huko Semonkong, mto Maletsunyane huporomoka kutoka urefu wa mita 192, na maporomoko hayo ni kivutio kikubwa cha watalii.

Ardhi inayofaa kwa kilimo ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nchi, na sehemu kubwa ya hiyo iko magharibi, kandokando ya mto Caledon, ambao Wasotho huuita Mohokare. Huko ndiko wanakoishi watu wengi. Mmomonyoko wa udongo umechimba makorongo marefu katika mashamba, na mavuno ya mahindi na mtama hayatoshelezi mahitaji ya nchi.

Mfalme Moshoeshoe na mpaka uliosogezwa

Taifa la Wasotho ni kazi ya mtu mmoja, Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyezaliwa mnamo mwaka 1786. Mwanzoni mwa karne ya 19, eneo lote la kusini mwa Afrika lilikumbwa na vita, njaa na uhamaji wa makabila, kipindi ambacho Wasotho hukiita Lifaqane.

Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwaongoza watu wake kwenda Thaba Bosiu, mlima wenye kilele bapa na kuta za mawe, ambao maana ya jina lake ni "mlima wa usiku". Aliwapokea wakimbizi wa koo mbalimbali, akawapa ng'ombe na ardhi, na kutokana nao likazaliwa taifa. Mwaka 1833 aliwakaribisha wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, ambao walimfaa pia katika mashauri yake na mataifa ya kigeni.

Adui aliyemshinda nguvu hatimaye alikuwa Makaburu wa Orange Free State. Katika vita vya miaka ya 1850 na 1860, Wasotho walipoteza tambarare zenye rutuba magharibi mwa Caledon. Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Uingereza, na tarehe 12 Machi 1868 nchi yake, iliyoitwa Basutoland, ikawa chini ya himaya hiyo. Alifariki dunia miaka miwili baadaye.

Waingereza waliikabidhi nchi hiyo kwa Koloni la Rasi mwaka 1871. Serikali ya Rasi ilipojaribu kuwanyang'anya Wasotho bunduki zao, vita vilizuka mwaka 1880, na mwaka 1884 London ililazimika kuichukua tena nchi hiyo moja kwa moja. Ni kwa sababu hiyo kwamba Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Basutoland ilibaki nje yake, na baadaye ikaepuka kutawaliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi.

Uhuru ulipatikana tarehe 4 Oktoba 1966. Suala la ardhi iliyopotea, hata hivyo, halijasahauliwa. Mwaka 2023 bunge la Lesotho lilijadili hoja ya kulidai jimbo la Free State pamoja na sehemu nyingine za Afrika Kusini.

Lugha, blanketi na kofia

Msemaji wa Kiswahili hatajiona mgeni sana katika lugha ya Kisotho. Mtu ni "motho" na watu ni "batho". Raia mmoja ni Mosotho, wengi ni Basotho, na lugha yao ni Sesotho, kama vile sisi tunavyosema Mswahili, Waswahili na Kiswahili. Salamu ya kawaida ni "khotso", maana yake amani.

Hata jina la jimbo la Gauteng, ambalo ndani yake umo mji wa Johannesburg, ni la Kisotho. "Gauta" ni dhahabu, na kiambishi "-ng" mwishoni kinafanya kazi ile ile ya "-ni" yetu. Gauteng, kwa hiyo, ni "dhahabuni".

Wanaozungumza Kisotho nchini Afrika Kusini ni wengi kuliko wakazi wote wa Lesotho. Lugha ni moja, lakini nchi hizo mbili huiandika kwa tahajia tofauti.

Vazi la taifa ni blanketi la sufu, linalovaliwa mabegani na kufungwa kwa pini. Kuna blanketi la harusi, la mama aliyejifungua na la kijana aliyetoka jandoni. Yale yenye hadhi ya juu huitwa Seanamarena. Mistari yake huvaliwa ikiwa wima, kwani husemwa kwamba ndiyo ishara ya kukua na kustawi. Mengi ya mablanketi haya hufumwa Randfontein, mji wa viwanda ulio magharibi mwa Johannesburg.

Kofia ya nyasi yenye umbo la pia, mokorotlo, ndiyo nembo inayoonekana katikati ya bendera iliyoanza kutumika mwaka 2006. Umbo lake huhusishwa na kilima cha Qiloane, karibu na Thaba Bosiu.

Chakula kikuu ni papa, ambacho Mwafrika Mashariki atakitambua mara moja kuwa ni ugali wa mahindi, unaoliwa kwa mboga za majani ziitwazo moroho.

Wasotho wana historia ndefu ya maandishi. Gazeti la Leselinyana la Lesotho lilianzishwa na wamisionari wa Morija mwaka 1863. Ni Morija hiyo hiyo iliyochapisha mwaka 1925 riwaya ya Chaka ya Thomas Mofolo, mojawapo ya riwaya za mwanzo mashuhuri zilizoandikwa katika lugha ya Kiafrika.

Jambo lisilo la kawaida katika bara letu ni kwamba wanawake wa Lesotho wamesoma kuliko wanaume. Wavulana wengi wa milimani hutumwa kuchunga ng'ombe, kondoo na mbuzi wakiwa bado wadogo, wakati dada zao wako darasani. Zamani haikuonekana kuwa hasara kubwa, kwani mchungaji alipofikia umri wa kufanya kazi, migodi ya Johannesburg ilimchukua bila kumwuliza cheti.

Safari ya kwenda dhahabuni

Wasotho walianza kwenda migodini mara tu almasi ilipogunduliwa Kimberley, mwishoni mwa miaka ya 1860. Dhahabu ilipopatikana Witwatersrand mwaka 1886 na Johannesburg kuanzishwa, safari hiyo ikawa desturi. Kodi iliyotozwa na wakoloni, pamoja na uhaba wa ardhi, viliwasukuma vijana kuondoka.

Katika miaka ya 1980, zaidi ya wanaume laki moja wa Lesotho walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini. Waliishi katika mabweni ya wanaume watupu, wakirudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Sehemu ya mshahara wao ilizuiwa kwa mujibu wa sheria na kulipwa Lesotho. Fedha hizo zilijenga nyumba, zikalipa mahari na kusomesha watoto.

Utamaduni nao ulisafiri. Nyimbo ndefu za majigambo ziitwazo lifela zilitungwa na wasafiri hao, na muziki wa famo, unaopigwa kwa akodiani na ngoma, ulizaliwa katika vilabu vya pombe vya vitongoji vya migodi. Katika miaka ya karibuni uhasama baina ya makundi ya famo umegharimu maisha ya watu wengi, na mwaka 2024 serikali ya Maseru iliyapiga marufuku makundi kadhaa.

Kuanzia miaka ya 1990 migodi mingi ya dhahabu ilipunguza wafanyakazi au kufungwa kabisa. Makumi ya maelfu ya wanaume walirudi milimani wakiwa hawana kazi, na wengi wakiwa na vumbi la mawe mapafuni. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humfungulia mgonjwa mlango wa kifua kikuu.

Mwezi Julai mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 kati ya wachimbaji na kampuni kadhaa kubwa za dhahabu. Mfuko wa Tshiamiso uliundwa kuwalipa waliofanya kazi katika migodi husika tangu mwezi Machi mwaka 1965, pamoja na familia za waliokufa. Kwa mzee aliye kijijini, siku nzima kwa farasi kutoka barabara kuu, kupata vipimo vya hospitali na karatasi za ajira ya miaka 40 iliyopita si jambo jepesi.

Wako pia wanaoshuka kwa siri katika mashimo yaliyoachwa, wanaojulikana kama zama zama. Mwezi Mei mwaka 2023, watu wasiopungua 31 walioaminika kuwa raia wa Lesotho walikufa baada ya gesi kulipuka katika shimo la mgodi uliofungwa katika jimbo la Free State.

Wanawake nao huvuka mpaka, wengi wao kufanya kazi za ndani katika nyumba za Johannesburg. Mwaka 2016 Afrika Kusini ilianzisha kibali maalumu kwa raia wa Lesotho waliokuwa wakiishi nchini humo bila hati, lakini wapo wengi ambao hawajakipata.

Maji yanayopita chini ya milima

Johannesburg ni mji mkubwa usio na mto mkubwa, wala ziwa, wala bandari. Umejengwa juu ya ukingo wa miamba, kwa sababu dhahabu ilikuwa hapo. Jimbo lake la Gauteng lilikuwa na watu milioni 15 katika sensa ya mwaka 2022, na mto Vaal peke yake hauwezi kuwatosheleza.

Wazo la kuyageuza maji ya Senqu yaelekee kaskazini lilizungumzwa tangu enzi za ukoloni. Mkataba wake ulitiwa saini tarehe 24 Oktoba 1986, na mazingira ya mwaka huo hayajasahauliwa. Mwezi Januari, utawala wa ubaguzi wa rangi uliifungia Lesotho mipaka, ukiituhumu kuwahifadhi wapiganaji wa chama cha ANC. Tarehe 20 mwezi huo huo, jeshi la Lesotho likiongozwa na Justin Lekhanya lilimpindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan. Ni serikali hiyo ya kijeshi iliyotia saini.

Bwawa la Katse, lenye ukuta wa urefu wa mita 185, lilikamilika mwaka 1996. Kutoka hapo maji huteremka yenyewe, bila kusukumwa na pampu, kupitia mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 80 chini ya milima. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Muela yenye uwezo wa megawati 72, kisha hutokea Afrika Kusini na kufuata mito hadi bwawa la Vaal. Johannesburg ilianza kuyapata mwaka 1998. Bwawa la pili, Mohale, lilizinduliwa mwaka 2004.

Kiasi kinachopelekwa kwa mwaka ni mita za ujazo zipatazo milioni 780. Afrika Kusini hugharamia miundombinu ya kuyasafirisha maji na kuilipa Lesotho mrabaha. Hesabu yake ilifanywa kwa kulinganisha mradi huu na mradi mwingine ambao Afrika Kusini ingeweza kuujenga ndani ya mipaka yake. Tofauti ya gharama iligawanywa, asilimia 56 ikiwa ya Lesotho na asilimia 44 ya Afrika Kusini.

Mrabaha huo ni chanzo muhimu cha mapato ya serikali, na mradi uliifungulia nchi barabara za lami katika maeneo ambayo zamani yalifikiwa kwa farasi tu. Lakini mashamba na malisho ya mabondeni yalifunikwa na maji, familia zikahamishwa, na malalamiko kuhusu fidia yamedumu kwa miongo kadhaa.

Mradi huo uliwahi pia kuchafuliwa na rushwa, na hapo Lesotho iliushangaza ulimwengu. Mwaka 2002 mahakama zake zilimtia hatiani Masupha Sole, aliyekuwa mtendaji mkuu wa mamlaka ya mradi, na baadaye zikaihukumu kampuni ya Acres ya Canada kwa kutoa hongo. Haikuwa kawaida kwa nchi ndogo na maskini kuwafikisha mahakamani watoaji na si wapokeaji tu. Benki ya Dunia iliifungia kampuni hiyo mwaka 2004.

Awamu ya pili ilizinduliwa mwezi Mei mwaka 2023 na Rais Cyril Ramaphosa na Waziri Mkuu Sam Matekane. Inahusisha bwawa la Polihali, lenye ukuta wa zaidi ya mita 160, na handaki la kilomita 38 hadi Katse. Ikikamilika, maji yatakayopelekwa yatazidi mita za ujazo bilioni 1.2 kwa mwaka.

Nguo, almasi na forodha

Fedha ya Lesotho, loti, ina thamani sawa na randi, na randi yenyewe hupokelewa katika kila duka la Maseru. Nchi hii ni mwanachama wa Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, SACU, ulioanzishwa mwaka 1910, na mgawo wake kutoka humo ni nguzo kubwa ya bajeti. Biashara ikidorora Johannesburg, hazina ya Maseru hutikisika.

Baada ya Marekani kupitisha sheria ya biashara ya AGOA mwaka 2000, wawekezaji wengi kutoka Taiwan walifungua viwanda vya nguo Maseru na Maputsoe. Viwanda hivyo viliajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakishona suruali za jinzi na fulana kwa ajili ya maduka ya Marekani.

Mwezi Aprili mwaka 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 dhidi ya bidhaa za Lesotho, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine nyingi. Ingawa ulisitishwa na mwezi Agosti ukawekwa kwenye asilimia 15, wanunuzi walikuwa tayari wameshaahirisha oda zao. Mwezi Julai serikali ilitangaza hali ya janga la taifa kutokana na ukosefu wa ajira kwa vijana. Mwaka huo huo, kusitishwa kwa sehemu kubwa ya misaada ya Marekani kuliathiri huduma za VVU, katika nchi ambayo takriban mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na virusi hivyo.

Almasi huchimbwa Letšeng, katika mgodi ulio juu ya mita 3,000. Mwaka 2018 lilipatikana hapo jiwe la karati 910, lililouzwa kwa dola milioni 40. Serikali inamiliki asilimia 30 ya mgodi huo. Wafugaji wa milimani nao huuza nje sufu ya kondoo na manyoya ya mbuzi wa Angora.

Mfalme, bunge na jirani

Mkuu wa nchi ni Mfalme Letsie wa Tatu, asiyekuwa na madaraka ya utendaji. Alirejea katika kiti cha ufalme mwaka 1996, baada ya baba yake, Moshoeshoe wa Pili, kufariki dunia katika ajali ya gari.

Mwezi Septemba mwaka 1998, kufuatia machafuko ya baada ya uchaguzi, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia Lesotho kwa jina la jumuiya ya SADC. Sehemu kubwa ya katikati ya Maseru iliteketea kwa moto. Zaidi ya wanajeshi kumi wa Lesotho waliuawa katika bwawa la Katse, miezi michache tu baada ya maji kuanza kwenda Johannesburg. Wako Wasotho wanaoamini hadi leo kwamba lililokuwa likilindwa siku ile ni bwawa.

Mwaka 2002 ulianzishwa mfumo wa uchaguzi unaochanganya majimbo na uwiano wa kura. Serikali za mseto zilizofuata tangu 2012 hazikudumu, na mwaka 2014 Waziri Mkuu Thomas Thabane alikimbilia Afrika Kusini akisema jeshi lilitaka kumpindua. Matekane, mfanyabiashara tajiri aliyeunda chama miezi michache tu kabla ya uchaguzi, aliapishwa mwezi Oktoba mwaka 2022.

Kwa Johannesburg, Lesotho si suala la hisani. Mwezi Oktoba mwaka 2024 mahandaki ya maji yalipofungwa kwa matengenezo ya miezi sita, mamlaka za Afrika Kusini zililazimika kujiandaa kwa zaidi ya mwaka mzima. Dhahabu iliyowavuta Wasotho huenda ikaisha, lakini mji uliojengwa juu yake hauwezi kuishi bila maji. Wasotho nao wanasubiri kuona kama bwawa la Polihali litafikisha bomba katika vijiji vilivyo juu yake.

Lesotho kwa ufupi

Jina rasmi: Ufalme wa Lesotho
Mji mkuu: Maseru
Eneo: kilomita za mraba 30,355
Idadi ya watu: zaidi ya milioni 2
Lugha kuu: Kisotho na Kiingereza
Dini kuu: Ukristo
Fedha: loti (wingi, maloti)
Uhuru: 4 Oktoba 1966, kutoka Uingereza
Bidhaa za nje: nguo, almasi, maji, sufu na manyoya ya mbuzi
Kaulimbiu ya taifa: Khotso, Pula, Nala, yaani Amani, Mvua, Neema